Choo kimeziba, sinki limejaa: jinsi ya kuchagua planja inayofaa nyumba yako

Mvua za mwisho wa mwaka zikishaanza kushika Nachingwea na Ruangwa, simu ya studio inapokea ujumbe wa aina moja: "Choo kimeziba tangu jana, tufanyeje?" "Sinki la jikoni maji hayaendi, tumwite nani?" Hewani tunakuwa na dakika chache tu za kujibu, na swali lenyewe linataka maelezo marefu kidogo. Ndiyo maana tumeyaandika hapa, uyasome polepole na kuyarudia ukiwa dukani.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita nilikuwa nimepanga nyumba hapa Nachingwea. Wageni wa ukoo walikuja kwa shughuli ya kumtoa mwali, nyumba ikajaa watu, na siku ya pili asubuhi choo kikaziba. Nilikimbilia dukani nikanunua planja ya kwanza niliyoonyeshwa. Nikasukuma mpaka mabega yakauma, maji hayakusogea. Kwa hasira nikamwaga dawa kali ya kuzibulia, kisha nikaendelea kusukuma. Maji yakaruka. Mkono wa kulia una alama mpaka leo, na namshukuru Mungu haikuwa jicho.

Fundi alipofika aliiokota ile planja, akaigeuza juu chini, akaniambia, "Dada, hii ni ya sinki la jikoni. Chooni haiwezi kukamata." Halafu akauliza kama nimeweka dawa. Nilipomwambia ndiyo, alirudi nyuma hatua mbili na kukataa kugusa chochote mpaka maji yale yapunguzwe. Siku ile nilijifunza mambo mawili: planja zinatofautiana, na planja haiendi pamoja na dawa.

Planja ni nini na inafanyaje kazi

Dukani utasikia majina kadhaa: planja, mpira wa kuzibulia choo, wengine wanasema pampu ya choo. Ni kile kikombe cha mpira chenye mpini wa mbao au plastiki.

Wengi tunadhani kazi yake ni kusukuma uchafu uende mbele. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, ambayo mara nyingi ndiyo inayozibua, ni kuvuta. Ukibonyeza, maji yanasukuma kilichoziba. Ukivuta, yanakirudisha nyuma kidogo. Mwendo huo wa kwenda na kurudi unakilegeza kile kitu mpaka kinakatika au kinapita.

Ili hilo litokee, mambo mawili lazima yawepo. La kwanza, ukingo wa mpira ukamate pande zote bila kuacha upenyo. La pili, ndani ya kikombe kuwe na maji, siyo hewa. Hewa inabonyea, hivyo nguvu yako inaishia kuibana hewa. Maji hayabonyei kirahisi, kwa hiyo nguvu ya mkono inafika moja kwa moja kwenye kilichoziba. Mtu anayepampu kwenye sinki kavu anajichosha bure.

Kuna jambo moja zaidi la kulijua. Chini ya sinki na chini ya choo kuna kona ya bomba inayobaki na maji muda wote. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende kupanda kutoka shimoni. Kona ya namna hiyo kwa ajili ya choo ilisajiliwa London mwaka 1775 na fundi saa Alexander Cumming, na mpaka leo vyoo vya maji vinatumia wazo hilohilo. Kona hiyo ndiyo inayotupa nyumba isiyonuka, na ndiyo pia mahali uchafu unapokwama mara nyingi. Planja imetengenezwa hasa kwa ajili ya kona hiyo na kipande kifupi cha bomba kinachofuata. Haikutengenezwa kwa ajili ya shimo lililojaa.

Kabla ya kununua, jua kilichoziba kiko wapi

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Zunguka nyumba yako na ujiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: kimeziba kimoja au vyote? Kama sinki la jikoni limegoma lakini choo na bafu vinakwenda vizuri, tatizo liko karibu na sinki. Planja itasaidia. Kama choo, bafu na sinki vyote vimegoma kwa pamoja, tatizo liko mbele, kwenye bomba kubwa au shimoni. Planja haitafika huko.

Swali la pili: chemba inasemaje? Nyumba nyingi zenye choo cha ndani zina chemba moja au mbili nje, zile zenye mfuniko wa zege, kati ya nyumba na shimo. Fungua mfuniko kwa uangalifu, ukiwa umesimama pembeni na uso ukiwa mbali. Kama chemba haina maji na ndani ya nyumba choo kimejaa, kizuizi kiko kati ya choo na chemba. Jaribu planja. Kama chemba imejaa mpaka juu, kizuizi kiko kati ya chemba na shimo, au shimo lenyewe limejaa. Weka planja chini, tafuta fundi au gari la kunyonya maji taka.

Swali la tatu: ni mvua au ni uchafu? Nyumba zetu nyingi, Nachingwea na Ruangwa, zinamwaga maji machafu kwenye shimo lililo ndani ya uwanja wa nyumba. Mvua zikiwa nyingi, ardhi inashiba maji, na shimo linachelewa kunywa. Choo kinaanza kwenda polepole, kinatoa sauti ya kububujika, kisha kinagoma. Ukisukuma kwa planja kinaenda kidogo, kesho yake kimerudi palepale. Hiyo ni dalili ya shimo, wala si ya planja.

Aina za planja na mahali pa kila moja

1. Planja ya kikombe. Ndiyo ile ya kawaida, kikombe cha mpira kilicho wazi chini, ukingo wake bapa. Inafaa mahali penye uso bapa: sinki la jikoni, sinki la kunawia mikono, tundu la maji la sakafuni bafuni. Upana wa sentimita 10 hadi 15 unatosha kwa masinki mengi, kwa sababu tundu la sinki ni dogo na bomba lake kwa kawaida ni la inchi moja na robo au moja na nusu. Hii ndiyo niliyouziwa mimi kwa ajili ya choo cha kukaa. Haikufaa kwa sababu tundu la choo cha kukaa liko kwenye mteremko na lina umbo la yai, hivyo ukingo bapa unaacha upenyo na maji yanatorokea pembeni.

2. Planja yenye mdomo wa ndani. Ukiigeuza utaona ndani ya kikombe kuna mpira mwingine mwembamba unaotokeza chini kama shingo. Shingo hiyo inaingia ndani ya tundu la choo cha kukaa, na kikombe cha juu kinafunika. Hii ndiyo planja ya choo. Uzuri wake ni kwamba shingo inaweza kukunjwa na kuingizwa ndani, ikabaki kama planja ya kikombe. Lakini usije ukaitumia hiyohiyo chooni na kwenye sinki la vyombo. Nitalieleza hilo baadaye.

3. Planja ya mikunjo. Ni ya plastiki ngumu, imekunjwakunjwa kama kodiani. Inatoa nguvu kubwa, lakini ugumu wake unaifanya isikamate vizuri, na inaweza kukwaruza sinki la choo. Inahitaji mkono uliozoea. Kama unanunua moja tu kwa ajili ya nyumba, sikushauri uanze na hii.

4. Pampu ya hewa. Siku hizi inauzwa mijini, ina umbo la pampu ya baiskeli au la bunduki, inajazwa hewa kisha inafyatuliwa. Ina nguvu sana. Kwenye mabomba mapya ya plastiki yaliyogundishwa vizuri inaweza kufanya kazi haraka. Kwenye nyumba ya zamani, au nyumba ambayo mabomba yaliunganishwa kwa kubahatisha, nguvu hiyo inaweza kufumua maungio ndani ya ukuta au chini ya sakafu. Ukigundua baada ya mwezi, ukuta umeshalowa. Mwachie fundi.

Vipi kuhusu choo cha kuchuchumaa?

Maelezo mengi yanayokuja na planja yameandikwa kwa ajili ya choo cha kukaa. Sisi huku wengi tunatumia choo cha kuchuchumaa, na kampeni ya Nyumba ni Choo imehamasisha kaya nyingi kuachana na tundu la wazi na kuweka choo bora. Msimu wa korosho ukilipa vizuri, utaona nyumba zinawekewa tailizi na choo cha maji. Kwa hiyo swali la kuzibua limefika hata kwenye nyumba ambazo miaka kumi iliyopita hazikulijua.

Chukua tochi, mulika ndani ya tundu. Ukiona maji yametulia chini, choo chako kina kona, na planja inaweza kusaidia. Ukiona giza tupu mpaka shimoni, hakuna kona. Hapo kilichoziba kinaweza kuwa kwenye bomba la mteremko, na fimbo ndefu yenye ncha butu inafanya kazi kuliko planja.

Kwa choo cha kuchuchumaa chenye kona, angalia upana. Tundu lake ni kubwa kuliko la sinki, na planja ndogo inazama ndani badala ya kufunika. Pima tundu kwa rula kabla ya kwenda dukani, kisha nunua planja iliyozidi tundu kwa angalau sentimita mbili kila upande. Mpira uwe laini, kwa sababu uso unaozunguka tundu umeinama na mpira mgumu hautalala vizuri. Yenye mdomo wa ndani ni bora kama mdomo unaingia.

Mafundi wengi, na mama zetu pia, hutumia njia ya dharura: tambara zito linafungwa kwenye fimbo, linavikwa mfuko wa plastiki imara, linafungwa kwa kamba, kisha linatumika kama planja. Inafanya kazi, kwa sharti moja. Lifunge kwa nguvu na ulivute kwanza kwa mkono uone kama linachomoka. Likibaki ndani ya bomba, tatizo dogo limekuwa kubwa.

Kama choo chako ni kile cha plastiki chenye kifuniko kinachofunguka na kujifunga chenyewe, maarufu kama SATO, usitumie planja. Kifuniko kile ni chepesi. Mwaga maji, na ukitumia fimbo sukuma taratibu mpaka kifunguke.

Ukiwa dukani, fanya vipimo vinne

Usiridhike na rangi wala mng'ao. Omba ushike.

Kwanza, minya mpira kwa vidole. Uwe laini lakini urudi kwenye umbo lake mara moja. Mpira unaobaki umebonyea au wenye mipasuko midogo umeshakaa sana dukani au juani.

Pili, geuza mpini. Ushike kwa msumari au skrubu, au uingie kwa kuzungusha mpaka mwisho. Mpini uliochomekwa tu utachomoka wakati wa kuvuta, na kuvuta ndiyo nusu ya kazi.

Tatu, angalia urefu. Kwa choo, mpini mrefu unakuweka mbali na maji yanayoruka na kukupa nguvu ya mikono miwili. Kwa sinki, mpini mfupi unatosha.

Nne, bonyeza planja kwenye sakafu laini au kaunta ya duka na uivute. Ikigoma kidogo kabla ya kuachia, inakamata. Ikiachia bila upinzani, ukingo umepinda. Muuzaji mwelewa hatakukataza.

Kwa nyumba yenye choo cha kukaa na sinki la jikoni, nunua mbili: moja ya kikombe na moja yenye mdomo. Mbili za kawaida zinaisaidia nyumba zaidi ya moja ya gharama inayozunguka kila mahali. Wenye nyumba za wageni, hasa Ruangwa ambako wageni hufurika siku Namungo ikicheza Uwanja wa Majaliwa, wekeni moja kwa kila upande wa jengo. Mgeni hapaswi kusubiri planja itoke chumba cha mwisho.

Namna ya kuzibua choo, hatua kwa hatua

1. Usipige flashi mara ya pili. Kama maji yamepanda, flashi ya pili itayamwaga sakafuni. Funga koki ya tangi la flashi.

2. Ondoa watoto, vaa glavu na ndala au buti, tandika matambara chini. Kama huna glavu, mfuko wa plastiki mzima kila mkono unasaidia.

3. Sawazisha maji. Yakiwa yamejaa mpaka juu, chota kwa kopo uweke kwenye ndoo. Yakiwa machache, ongeza mpaka yafunike kikombe cha mpira.

4. Ingiza planja kwa kuilaza upande ili hewa itoke na maji yaingie ndani ya kikombe. Kisha isimamishe na ufunike tundu lote.

5. Bonyeza mara ya kwanza polepole. Ukianza kwa nguvu, hewa iliyobaki itarusha maji usoni.

6. Kisha pampu kwa mwendo ulio sawa, juu na chini, mara 10 hadi 15, bila kuinua ukingo. Mara ya mwisho vuta kwa nguvu na kwa haraka.

7. Maji yakishuka, usishangilie bado. Mwaga nusu ndoo kwa mkupuo mmoja uone kama yanakwenda. Yakienda polepole, rudia. Jaribu raundi nne au tano, ukipumzika katikati.

8. Raundi tano zikipita bila mabadiliko, acha. Kilichoziba ni kigumu au kiko mbali. Fundi mwenye waya mrefu wa kuzibulia ndiye anayefuata.

Kwa sinki kuna jambo moja la kuongeza. Masinki mengi yana tundu dogo la juu la kuzuia maji yasifurike. Liache wazi na nguvu yote itatokea hapo. Liwekee tambara lililolowa na ulishikilie kwa mkono mmoja. Kama sinki ni la mabeseni mawili, ziba tundu la beseni la pili kwa namna hiyohiyo. Paka mafuta ya mgando kidogo kwenye ukingo wa planja kama haikamati.

Pale ambapo planja haitasaidia

Mchanga na majivu. Bado tunasugua sufuria kwa majivu au mchanga, na ni njia nzuri, ila maji yake tusiyamwage sinkini. Mchanga unatulia kwenye kona ya bomba na kuganda kama saruji. Planja inayatikisa maji juu yake tu. Dawa yake ni kuweka beseni chini ya sinki, kufungua kile kiwiko cha plastiki kwa mkono na kukisafisha. Kazi ya dakika kumi.

Kitu kigumu. Mswaki, kitana, kiatu cha mtoto, simu. Ukikiona, kitoe kwa mkono wenye glavu au kwa ndoano ya waya. Ukikisukuma kwa planja kinaingia ndani zaidi, na safari hii ni lazima choo king'olewe.

Pampasi, taulo za kike na nywele za rasta. Hivi haviyeyuki. Planja inaweza kuvivuta nyuma, ndiyo maana mvuto wa mwisho ni muhimu. Vikirudi, vitoe na uviweke kwenye mfuko, usiviruhusu viende tena.

Shimo lililojaa. Tumeshalisema, tunalirudia kwa sababu ya uhai wa watu. Mtu asishuke shimoni wala kwenye chemba ndefu kuzibua, hata kwa dakika moja, hata kama amefungwa kamba. Ndani kuna gesi zinazomlegeza mtu kabla hajapiga kelele. Moja wapo, ile inayonuka kama yai viza, ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu anadhani harufu imeisha kumbe hatari imeongezeka. Mara nyingi anayefuata kumwokoa naye anaanguka. Ikitokea, usishuke. Piga simu Zimamoto na Uokoaji namba 114.

Na wakati wa mvua, kuna wanaotapisha choo, maji machafu yanaachiwa mtaroni yaende na mafuriko. Yanakwenda kwenye kisima cha jirani. Kuhara na kipindupindu vinaanza namna hiyo. Tumia gari la kunyonya, na ukiona jirani anatapisha toa taarifa kwa afisa afya wa kata au mtaa.

Dawa za kuzibulia: soma hapa kabla hujamwaga

Dawa hizi ziko za aina mbili kubwa. Kuna zenye kostiki na kuna zenye asidi. Zote zinaunguza ngozi na macho. Kama umeshaweka dawa, usitumie planja, kwa sababu kila msukumo unaweza kuirusha. Na kama utamwita fundi, mwambie kabla hajaanza: umeweka nini, saa ngapi, kiasi gani. Kumficha ni kumhatarisha.

Usichanganye. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini. Jiki ikikutana na mkojo mwingi au dawa yenye amonia inatoa gesi nyingine yenye sumu. Bafu zetu nyingi ni ndogo na dirisha ni tundu tu, hivyo gesi kidogo inatosha kumfanya mtu ashindwe kupumua. Ukisikia macho yanawasha na kifua kinabana, toka nje mara moja, acha mlango wazi.

Dawa ikikurukia, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, vua nguo iliyolowa, kisha nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Usipake dawa ya meno, asali wala mafuta.

Kwa sinki lenye mafuta yaliyoganda, maji ya moto na sabuni ya vyombo mara nyingi yanatosha. Yasiwe yanayochemka, hasa kwenye mabomba ya plastiki, na usiyamwage kwenye sinki la choo kwa sababu linaweza kupasuka.

Usafi wa planja yenyewe

Planja ya choo isiende jikoni. Hilo halina mjadala. Inabeba vijidudu vilevile tunavyohangaika kuvikimbia kwa kunawa mikono. Paka rangi nyekundu mpini wa ile ya choo, ili hata dada wa kazi aliyeanza jana au mgeni asikosee.

Baada ya kutumia, isuuze kwa maji safi na sabuni, kisha iloweke dakika kumi kwenye ndoo yenye maji na jiki kidogo. Hakikisha hakuna dawa nyingine iliyobaki kwenye mpira. Ianike mpaka ikauke, halafu itunze kivulini, kwa sababu jua la kila siku linapasua mpira. Usiilaze kwa uzito wake juu ya ukingo kwa miezi, itapinda. Itundike. Kisha nawa mikono kwa sabuni, pamoja na viwiko.

Maswali tunayoulizwa sana

Mpangaji au mwenye nyumba, nani anunue? Kwa desturi zetu, kilichoziba kwa matumizi ya kila siku ni cha wapangaji, na shimo, chemba na mabomba ni vya mwenye nyumba. Lakini mkubaliane mapema, ikibidi muandike kwenye mkataba. Kwenye nyumba ya wapangaji wengi, planja moja ya pamoja iwe mahali ambapo kila mtu anapaona.

Nifanye nini maji ya bomba yasipotoka? Choo cha maji kinataka mkupuo. Ukimwaga kwa kikopo kidogo kidogo kwa sababu ya kubana maji, uchafu unabaki njiani na kujijenga. Afadhali kumwaga lita kadhaa kwa mara moja kuliko vikopo kumi kwa siku.

Nimezibua, lakini kinarudi kila wiki. Hapo kuna jambo la kudumu: bomba lililolala bila mteremko, mizizi ya mti, bomba la kutolea hewa lililoziba, au shimo linalokaribia kujaa. Acha kununua planja, tafuta fundi akague.

Naweza kuzuia? Ndiyo. Weka kichujio cha bei ndogo kwenye tundu la sinki na la bafu. Machicha ya nazi, ukoko wa ugali na mabaki ya wali viende kwenye jalala au kwa kuku. Mafuta yaliyotumika yasimwagwe sinkini. Weka kindoo chenye mfuniko chooni kwa ajili ya taulo za kike na pampasi, na wasichana waambiwe kwa heshima, wasiachwe wabahatishe. Kabla ya mvua kushika, fungua chemba uione. Kama tayari imejaa wakati wa kiangazi, masika hayatakuonea huruma.

Kwa kifupi: kwanza jua kimeziba wapi, kisha chagua planja kwa umbo la tundu, jaza maji, bonyeza polepole, vuta kwa nguvu. Dawa na planja visikutane. Na hakuna choo kinachostahili mtu kushuka shimoni.

Ukiwa na swali ambalo hatujaligusa, tutumie ujumbe kama kawaida, ukitaja uko mtaa au kijiji gani na choo chako ni cha aina gani. Tutamuuliza fundi na kukujibu hewani.